Ofisi ya Pamoja Moshi: Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki

Maswali haya yameokotwa mapokezini, WhatsApp, na kwenye simu zinazopigwa saa 3 usiku na mtu aliyekatikiwa umeme nyumbani akiwa na kazi ya kukabidhi asubuhi. Tumeyaacha karibu kama yalivyoulizwa. Ofisi yetu iko ghorofa ya kwanza, mwendo mfupi kwa mguu kutoka Mnara wa Saa. Ina madawati 22 ukumbini, vyumba vinne vyenye mlango, chumba kimoja cha mikutano na vibanda viwili vya kupigia simu.

Hasa mnakodisha nini? Meza tu?

Meza utachongewa na fundi wa mtaani kwako, tena kwa bei nzuri. Hapa unalipia umeme usiokukatia kazi, intaneti, mahali pa kumkaribisha mteja bila kumhamisha mtoto kwenye kochi, na ukimya. Ukimya ndio mgumu kuliko vyote, na maswali kadhaa huko chini yanauhusu huo.

Walioko sasa ni mfasiri, mhasibu anayeshika vitabu vya kampuni nne ndogo, vijana wawili wanaotengeneza programu za simu, wakala wa bima, mama anayesafirisha parachichi, na kampuni mbili changa za kupandisha wageni mlimani. Sisi si steshenari. Ukitaka kutolewa kopi kumi uende zako, kuna duka chini yetu na wanafanya vizuri kuliko sisi.

Kwa nini nisipange fremu yangu mwenyewe?

Pengine upange. Lakini piga hesabu kwanza, maana wengi huangalia kodi ya mwezi wakasahau mkupuo.

Tuseme umepata fremu ya 200,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mbele: 1,200,000. Dalali aliyekupeleka, hata kama alichofanya ni kukuonyesha mlango uliokuwa na kibao cha namba ya simu, anataka mwezi mmoja: 200,000. Mkataba una ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka: 24,000. Halafu kuna jambo ambalo wafanyabiashara wapya hulijua siku ya kwanza wanapoitwa TRA: mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango kabla ya kumlipa mwenye nyumba, na kuipeleka mwenyewe kama kodi ya zuio. Kisheria hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Jaribu kumwambia. Atakujibu, "Mimi nataka yangu kamili," na wewe, kwa kuwa umeshaipenda fremu, utaitoa mfukoni: 120,000 na ushei.

Umeshafika milioni moja na nusu na hujanunua kiti. Bado kufungiwa intaneti, bado pazia, bado Luku unayochangia na saluni ya jirani ambayo draya zake zinakula uniti kama mchwa. Fedha hiyo hapa kwetu ni zaidi ya miezi tisa ya dawati, na ukishindwa mwezi wa pili unaondoka mwezi wa pili.

Sasa upande wa pili. Ukiuza bidhaa na unahitaji mpita njia aone, sisi hatukufai. Ukiwa na wafanyakazi watano wa kila siku, kalamu itakuonyesha kwamba fremu ni nafuu. Tuliwahi kumkalisha mteja wetu mwenyewe na kumweleza hivyo, akahama. Bado anakuja kutumia chumba cha mikutano.

Bei zikoje?

Siku moja 10,000. Wiki 45,000. Mwezi mzima, ukikaa dawati lolote lililo wazi, 160,000. Dawati lako peke yako lenye kabati na kufuli, 230,000. Chumba chenye mlango cha watu watatu, 480,000. Unalipa mwezi kwa mwezi, hakuna udalali, na chai na kahawa zimo. Lipa namba iko ukutani pale mapokezi. Risiti ya EFD unapewa bila kuidai.

Naweza kulipa kwa dola?

Hapana. Mji huu ulizoea kutaja bei kwa dola hata kwa mambo yasiyomhusu mtalii, lakini kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zinataka bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi zitajwe na kulipwa kwa shilingi. Mgeni mwenye kadi ya benki ya kwao analipa kwa kadi. Bei inabaki shilingi na benki yake itajua la kufanya.

Umeme ukikatika?

Mgao wa mwishoni mwa 2023 hakuna aliyeusahau. Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuingiza umeme kwenye gridi ya Taifa mwezi Februari 2024, hali ilianza kulegea, na leo mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Lakini bwawa liko Rufiji na sisi tuko chini ya Kilimanjaro. Umeme unasafiri mamia ya kilomita kufika huku, na ukishafika bado kuna nguzo na matawi ya miti ya mitaani kwetu. Masika, upepo mmoja wa jioni unatosha.

Kwa hiyo tuna inveta na betri zinazobeba taa, ruta na kompyuta kwa takribani saa tano. Ikizidi hapo tunawasha jenereta. Betri hazibebi birika, wala printa kubwa, wala pasi. Pasi tunaitaja kwa sababu kuna kijana alikuwa na mteja saa 5, shati lilikuwa limekunjamana, akachomeka pasi wakati tuko kwenye betri. Ofisi nzima ilizima, na mfasiri wetu alikuwa katikati ya kikao na watu wa Geneva. Kijana aliingia kwa mteja wake na shati lililonyooka upande mmoja.

Intaneti ina kasi gani?

Faiba ya megabiti 100 kwa sekunde, na laini ya pili ya kampuni nyingine inayopita kwenye minara, si kwenye waya. Moja ikianguka, ruta inahamia nyingine yenyewe. Utasikia kikao chako kimekwama kidogo, halafu kitaendelea.

Kikao cha video chenye picha safi kinakula kama megabiti 3 hadi 4. Ukiuliza kasi popote, hapa au kwingine, uliza ya kupandisha pia, si ya kushusha peke yake. Sinema inashuka, sauti na sura yako kwenye kikao vinapanda, na ndiko vifurushi vingi vya nyumbani vinakobana.

Kuna siku laini mbili hazisaidii. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikabaki ikivuta intaneti kwa kamba. Jumatatu ofisi ilijaa watu waliotoka nyumbani wakidhani tatizo ni bando lao. Tukatazamana tu. Kampuni mbili tofauti nchi kavu kumbe zinategemea nyaya zilezile baharini. Na intaneti ilipozimwa nchi nzima mwishoni mwa Oktoba 2025, tulikuwa gizani kama kila mtu. Hatutamwahidi mtu asilimia mia moja, na ofisi itakayokuahidi hivyo iulize inavuta waya kutoka wapi.

Naweza kutumia VPN?

TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba watu na kampuni wanaotumia VPN, yaani njia fiche ya kupitishia intaneti, kwa shughuli zao wazisajili. Mwajiri wako wa nje akikulazimisha kutumia yake, fanya usajili huo. Hatuchungulii unachofungua, lakini pia hatutakujibia.

Naweza kupiga simu nikiwa mezani?

Dakika moja, kwa sauti ya kunong'ona, ndiyo. Zaidi ya hapo ingia kibandani. Tunajua sisi watu wa huku simu ya biashara tunaipiga tukisimama, tena kwa sauti ya kumfikia mtu wa Himo bila mtandao. Ukumbini haiwezekani. Kikao cha mtandaoni ni hedifoni na mdomo karibu na maiki. Spika ya kompyuta ni marufuku hata kama "ni dakika mbili tu".

Hili ndilo jambo pekee lililowahi kutufanya turudishe pesa ya mtu na kumwomba asije tena.

Nikiingia asubuhi, nisalimie kila mtu au nipite kimya?

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Ofisi za namna hii zilianzia kwa wenzetu. Ile inayotajwa kuwa ya kwanza ilifunguliwa na Brad Neuberg huko San Francisco mwaka 2005, na kule mtu huingia, huvaa hedifoni, habari imekwisha. Hapa ukipita mbele ya watu ishirini bila salamu umewatukana. Na ukisalimia wote ishirini mmoja mmoja, umewakatisha kazi wote ishirini, na kesho yake watakaofika baada yako watafanya vilevile.

Tuliliona hili baada ya mwezi wa kwanza. Kulikuwa na mzee mmoja mstaafu wa biashara ya kahawa aliyechukua dawati la kona ya ndani ili aandike kumbukumbu zake. Siku moja alibandika karatasi jikoni: "Vijana wa ofisi hii mmelelewa na nani?" Kumbe watoto wanaingia na vitu masikioni, wanampita bila shikamoo. Wao wakasema walidhani wanamheshimu kwa kutomsumbua.

Tulifanya mambo mawili. Salamu zote hutolewa mlangoni na jikoni. Ukumbini ni kuinua mkono tu, na asiyeinuliwa asinune. Na dawati la mzee tukalihamishia kando ya mlango wa kuingilia. Sasa hupokea shikamoo zake zote kabla ya saa 3 asubuhi, anajua nani amechelewa, na ukumbini kumetulia. Dada wa mapokezi anasema amemrahisishia kazi.

Chumba cha mikutano napataje?

Kwa zamu. Waliokulia migombani wanaujua mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba: maji ni ya wote, lakini yana siku na saa, na anayefungulia shambani kwake nje ya zamu anajua kitakachompata. Kila mwanachama wa mwezi ana saa sita za chumba bila malipo. Ukichelewa dakika 15, zamu imeruka.

Andika saa kwa ukamilifu. Mgeni mmoja alipiga simu akaomba "saa 3" kwa Kiswahili alichojifunza wiki ile. Dada akamwandikia saa 3 asubuhi. Yeye akaja saa 9 alasiri, kwa saa yake ya kizungu, na timu ya watu sita, akamkuta wakala wa bima akifundisha mawakala wenzake kumi. Sasa ubao una asubuhi, alasiri na jioni, na mgeni anaulizwa mara mbili.

Wateja wangu wako Marekani. Mnafunga saa ngapi?

Ukumbi unafungwa saa 2 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa 9 alasiri Jumamosi. Kwa mteja wa New York inatosha: kwao ikiwa saa 3 asubuhi, hapa ni saa 10 jioni kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na saa 11 jioni miezi iliyobaki, kwa sababu wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Wa California ni shida. Asubuhi yao ya saa 3 inaangukia saa 1 au saa 2 usiku wetu.

Wenye dawati la kudumu na wenye vyumba wana funguo zao na wanaweza kukaa hadi usiku wa manane. Mlinzi yupo, na anawajua kwa sura bodaboda wa kijiwe cha chini. Usiku mwombe yeye akuitie. Usisimame barabarani na kompyuta mgongoni.

Naweza kutumia anwani yenu BRELA, TRA na kwenye leseni?

Mwanachama wa mwezi wa dawati la kudumu au chumba, ndiyo, na tunakupa mkataba wenye namba ya chumba au dawati. Wa siku na wa wiki, hapana. Tulijaribu, tukaishia kupokea barua za kampuni ambazo wenyewe hatuwajui sura.

Mpangilio wa kawaida ni huu: unasajili jina au kampuni BRELA kwa mtandao ukiwa na namba yako ya NIDA, kisha TIN, namba ya mlipakodi, kutoka TRA, kisha leseni ya biashara, ambayo kwa wengi inatoka Halmashauri ya Manispaa ya Moshi kupitia mfumo wa TAUSI. Ofisa atataka kuona mkataba wa mahali unapofanyia kazi. Mhasibu wa dawati la 7 amezunguka ofisi hizo kuliko sisi, na kwa kikombe cha kahawa atakueleza mengi. Zaidi ya kikombe, mlipe, ndiyo kazi yake.

Ninyi wa utalii, msije mkidhani dawati ukumbini litawatosha. Zungumzeni na wanaotoa leseni za utalii kabla ya kutulipa. Wote tulionao wamechukua chumba chenye mlango na kibao chao.

Barua za posta zinakuja kwenye sanduku letu. Tunalifungua Jumanne na Ijumaa.

Printa na skana zipo?

Zipo, kurasa 50 kwa mwezi bure. Ombi moja, hasa kwa wenye wageni wa mlima: msiache nakala za pasipoti kwenye printa. Asubuhi moja tulikuta kumi na moja, na tarehe za kuzaliwa, namba na picha, mbele ya kila apitaye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakuhusu wewe uliyezikusanya, hata kama kampuni yako ni wewe na mdogo wako. Tukizikuta tunazifungia kabatini hadi jioni, kisha zinachanwa.

Chakula je?

Jikoni tu. Machalari ni chakula kizuri, lakini saa 6 mchana karibu na kiyoyozi harufu yake inahudhuria mikutano yote. Mama lishe anapita saa 6 kuchukua oda na kuleta saa 7. Kahawa tunayopika ni ya mlimani hapa, ya kusagwa. Kahawa ya kopo, kwa heshima ya mji ambao KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, ilianzishwa mwaka 1933, uje nayo mwenyewe na uinywe ukiangalia pembeni.

Naweza kusimamisha uanachama masika?

Ndiyo. Aprili na Mei wageni wa mlima wanapungua na kampuni ndogo hazina cha kulipia. Mwanachama wa miezi sita au zaidi anaweza kusimama miezi miwili kwa kulipa 30,000 kwa mwezi. Anwani na kabati vinabaki vyake. Tuambie kabla ya tarehe 20 Machi, ili dawati tumpe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika anayeandika utafiti wake. Nao hujazana miezi hiyohiyo, ikawa tunalingana.

Nikijiunga nitapata wateja humo ndani?

Labda, si mwezi wa kwanza. Mama wa parachichi alipata mtu wa kumtengenezea nembo kwa sababu walisubiri birika moja lichemke. Vijana wa programu wamefanya kazi mbili za wenzao, na moja iliishia kwenye ugomvi wa malipo uliotugusa wote kwa wiki mbili, maana waliodaiana wanakaa meza zinazotazamana. Tangu hapo tunashauri: kazi baina ya wanachama iandikwe, hata nusu ukurasa. Na ukija ukigawa kadi zako meza kwa meza, utaonywa kama aliyepiga simu ukumbini.

Ninarudi nyumbani Desemba kutoka Dar, naweza kufanyia kazi hapo?

Wewe na nusu ya Wachaga wa Dar es Salaam. Kuanzia tarehe 18 Desemba viti vya siku vinakwisha kabla ya saa 3 asubuhi, kwa hiyo weka nafasi kufikia katikati ya Novemba. Wengi wanafikia kwa wazee Kibosho, Marangu au Rombo, wanadhani watafanya kazi barazani, halafu wanagundua mtandao unapatikana upande mmoja tu wa shamba, na upande huo ndio ndafu inachomewa. Tarehe 25 na 26 tumefunga. Bosi wako akipanga kikao siku hizo, hatuna msaada.

Watoto hatupokei. Tunawapenda, lakini soma tena kuhusu ukimya.

Mna tawi Arusha?

Hatuna. Ni kilomita kama 80, na wapo wanaokuja kutoka huko siku wana shughuli za mji huu. Hao wanalipa siku moja kama wengine.

Naweza kuja kuangalia kwanza?

Njoo Jumanne au Jumatano saa 5 asubuhi, ukae nusu siku bure, na uje na kazi halisi, si kuangalia viti. Usije Ijumaa mchana. Nusu wamekwenda msikitini au wameshaondoka kwenda mapumziko, na utatuona watulivu kuliko tulivyo.